Mwisho wa Kitabu cha Uskoti

Mlioniaga kwa keki na saa ya ukutani mliniomba niandike kidogo juu ya miaka yangu maktabani, ili wanaoajiriwa sasa wapate pa kuanzia. Saa naishukuru, ingawa sijui mzee aliyestaafu ana haraka gani. Kuhusu vyeo, na jinsi tulivyotoka makabati mawili tukafika hapa, ripoti zipo. Mimi nitaandika juu ya unyevu, gundi, mama aliyenifundisha kazi, na kitabu kimoja kinene cha mapenzi kutoka Uskoti ambacho nilikiharibu bila kuchana hata ukurasa mmoja. Jina la maktaba yetu silitaji. Kosa lilikuwa langu.

Nilikuja Morogoro kutoka Iringa nikiwa na cheti cha kidato cha nne na suruali moja ya kazi. Nilikuwa nimeambiwa kuna nafasi ya karani. Siku ya kwanza Mama Mhando, mkuu wa maktaba, hakunionyesha kitabu hata kimoja. Alinipeleka kwenye ukuta wa nyuma, ule unaotazama mlima, akaniambia niuguse. Mkono ulirudi na maji.

"Huyu ndiye adui yako wa kwanza," akasema. "Wa pili ni mchwa. Wa tatu ni wewe mwenyewe, siku utakayoanza kujua msomaji anataka nini kuliko yeye."

Wa kwanza na wa pili niliwaweza. Rafu zisiguse ukuta; ziache nafasi ya mkono kupita, hasa masika. Gundi ya unga wa ngano ni bora kuliko ya dukani, lakini weka mrututu kidogo, ile dawa ya buluu ya kuua wadudu, la sivyo utakuwa unapikia mende. Migongo ya vitabu iliyochanika tuliishona kwa vitambaa vya khanga chakavu, na mpaka leo kuna kitabu cha fizikia pale chenye methali mgongoni. Kitabu kilicholowa usikianike juani. Kifungue, kisimamishe kivulini, mkabidhi upepo kazi. Mtu mmoja aliwahi kuturudishia kitabu cha sheria ya ardhi kikiwa na alama za meno ya mbuzi. Nilipomuuliza kesi imeendaje alisema ameshindwa, ila mbuzi ameshinda.

Mama Mhando alikuwa na desturi moja ambayo sikuikuta maktaba nyingine. Hakuna kurudisha kitabu bila kutoa maoni. Kabla hajagonga mhuri alimtazama msomaji na kusubiri. Neno moja lilitosha: kizuri, kirefu, mwandishi mwongo. Naye hakubishana wala kusifu. Alisema tu, "Haya, anayefuata," akagonga mhuri. Nilimwuliza kwa nini hajibu. Akaniambia maoni si swali. Yeye mwenyewe alipostaafu aliniachia mhuri, kopo la gundi na maneno hayo, "Haya, anayefuata," nami nikayatumia miaka yote iliyofuata, na mara moja nikayatumia vibaya sana.

Lazima niseme habari za nyumbani kwangu, maana bila hizo kosa langu halitaeleweka. Nilikuwa nimemwoa Veronika, Mluguru wa mlimani juu ya Mlali. Kwao ardhi inapita kwa mama, wajomba ndio wenye kauli, na mwanamume akioa si aibu kupanda akalime kwa mkewe. Kwetu Iringa mke humfuata mume, basi. Mama yake alipougua, Veronika aliniomba twende juu kwa muda, matuta yasife. Nilimjibu kwamba mtumishi wa maktaba haendi kazini akiwa na tope mpaka magotini. Akaenda peke yake, asubuhi moja ya masika, mlima wote umefunikwa na ukungu. Hakurudi. Baada ya muda mjomba wake alituma ujumbe mfupi: mwambieni mkwe wetu njia ya kupanda anaijua. Niliwaambia watu kwamba njia ni mbaya.

Mwaka huohuo tulipata sanduku la vitabu kutoka kwa wafadhili wa ng'ambo. Vingi vilikuwa vya mapishi ya samoni na vya kutunza mbwa. Kimoja kilikuwa riwaya nene isiyo na jalada wala ukurasa wa jina, kwa hiyo jina lake sikulijua, nasi tukakiita Kitabu cha Uskoti. Wafadhili walitaka wapelekewe maoni ya wasomaji. Shida ilikuwa kwamba hakuna aliyeazima kitabu kinene namna ile cha Kiingereza. Ndipo nikawaza kuhusu akina mama wa Jumamosi.

Walikuwa wauza mboga kutoka milimani. Walishuka alfajiri na lori kupitia Mlali, wakauza kabichi, karoti na njegere zao, halafu mchana wakakaa kwenye baraza letu kusubiri lori lipakiwe saruji na mafuta ya taa lirudi juu. Niliwaambia nitawasomea hadithi, nikiigeuza kwa Kiswahili, na kila sura ikiisha kila mtu atatoa maoni. Wakakubali kwa sababu kulikuwa na kivuli. Walianza kuniita Mwalimu, na sikuwakataza, ingawa darasa nililijua kutokea upande wa dawati tu.

Wiki nzima niliiandaa sura moja kwa kamusi. Hadithi yenyewe ilikuwa hivi. Mwanamke wa mjini, wa siku hizi, amemwacha mama yake nyumbani akaenda kutembea milima ya Uskoti. Anavuka daraja la mawe kwenye ukungu, na ukungu ukiondoka anajikuta katika enzi za mababu, koo zinapigania ng'ombe. Anaokolewa na mhunzi mmoja, wanapendana, na kurasa nyingi mno wanaendelea kupendana.

Maoni niliyoyapata hamtayapata chuo kikuu chochote. Nilipofika kwenye mavazi ya mhunzi, vicheko vilijaa baraza kwamba mwanamume anavaa sketi. Bi Mwanahawa, muuza ndizi wa pale mjini aliyekuwa akija kusikiliza tu, akawauliza kama kanzu nayo ni suruali. Mama mmoja alisema kitabu ni cha uongo kwa sababu tangu mwanzo hakuna aliyepalilia, na watu wanakula. Mwingine alisema kupotea mlimani kwenye ukungu si ajabu, ajabu ni kwamba huyu dada kakaa kwenye ukoo wa watu miezi yote hiyo na hakuna mjomba aliyemwuliza yeye ni wa nani. Kuhusu mhunzi kumwambia mwanamke kila ukurasa kwamba anampenda, Bi Mwanahawa alitoa maoni kwamba huyo hana oda za kutosha.

Wafadhili niliwaandikia kwamba wasomaji wamefurahi na wamejifunza tamaduni za kigeni.

Mapenzi ya chumbani niliyaruka. Nilisema, "Wakalala, kukakucha," na kugeuza ukurasa. Walijua.

"Mwalimu, hapo umegeuza karatasi mbili," Skolastika aliniambia siku moja. "Sisi tuna watoto. Wewe ndiye unayeona haya."

Huyu Skolastika ndiye ninayetaka mumjue. Alikuwa kijana kuliko wote, mama wa mtoto mmoja wa kike, Yustina, aliyekuwa bado akibebwa mgongoni. Alilima matuta aliyoachiwa na mama yake, ya udongo mwekundu, juu kabisa ambako kabichi hukaza kama jiwe. Wengine walisikiliza kwa ajili ya kucheka. Yeye alisikiliza kama mtu aliyesimama mlangoni mwa daktari. Aliniuliza mara mbili kama yule mwanamke anamkumbuka mama yake. Nilisema anamkumbuka, maana kitabu kilisema hivyo.

Jumamosi ya sura ya mwisho alifika mapema, wenzake hawajamaliza kuuza. Alinieleza, huku akimhamisha mtoto kutoka mgongoni kuja kifuani, kwamba mumewe amepata kazi ya uashi na amepanga chumba Mafiga, huku mjini. Anataka ashuke, wahame kabisa. Mjomba naye amesema tuta lisilolimwa hurudi kwa ukoo, atampa binamu, na likishatoka halirudi. Alitakiwa kutoa jibu kesho yake baada ya misa.

"Yule dada wa kitabu," akauliza, "anabaki kwa mhunzi au anarudi kwa mama yake?"

Nilimwambia asubiri wenzake.

Ninyi mtakaosoma haya mtasema hakuna mtu anayeamua maisha yake kwa riwaya. Sijui. Mimi nimekaa kaunta miaka mingi, nimeona watu wakiazima vitabu kama wanavyouliza njia. Wanajua karibu kila kitu, wanataka tu kuona mtu mwingine aliyepita.

Katika kitabu, ukungu unarudi darajani, na mwanamke anaambiwa hautarudi tena. Anamtazama mhunzi, anamwambia kwamba daraja ni la watu wote, kisha anavuka peke yake kurudi kwa mama yake. Mhunzi anabaki ng'ambo, amesimama. Kitabu kinaishia hapo.

Nilikuwa nimekiandaa hivyo. Maneno yote nilikuwa nimeyapata. Lakini nilipofika darajani, nilimwona tena Veronika akiondoka asubuhi ile na kikapu chake kichwani. Sikuweza kumsoma mwanamke akiondoka na kitabu kikimpa haki. Nikainua macho kutoka kwenye ukurasa, nikasema kwamba yule mwanamke alilipa kisogo daraja, akamshika mhunzi mkono, wakaishi pale mpaka uzee. Nilisema polepole, na macho niliyarudisha kwenye mistari kana kwamba yanasoma. Siku hiyo sikugeuza karatasi mbili. Hakuna aliyetambua.

Nikaomba maoni. Bi Mwanahawa alisema mwandishi amemwangusha, kwamba yeye angerudi na angerudi na nyundo ya mhunzi. Wengine walisema ni vyema, ndoa ni uvumilivu. Skolastika alikuwa wa mwisho.

"Kama yeye ameacha mama yake na dunia yake yote," alisema, "mimi kuacha kabichi ni nini?"

Alinitazama. Nafasi ilikuwepo. Ningeweza kusema nimekosea ukurasa, na wangenicheka kama walivyozoea.

"Haya," nikasema, "anayefuata." Na hakukuwa na anayefuata.

Alishuka Mafiga wiki ile. Mjomba alifanya kama alivyosema. Kwa muda mambo yalikuwa mazuri, na sitaki kumsingizia mumewe. Alikuwa fundi mzuri na alimpenda. Halafu kazi za ujenzi zikampeleka mkoa mwingine, zikamweka huko, na huko akapata nyumba nyingine. Skolastika akaanza kuuza mboga sokoni. Kabichi zake alizinunua kwa jumla kutoka kwa binamu yake, yule aliyepewa tuta. Nilimsikia akimweleza mteja kwamba hizi ni za udongo mwekundu wa juu, hazina mfano, na hakusema zaidi. Nilinunua mboga kwake kila wiki na sikuwahi kuomba anipunguzie. Nilifikiri hiyo ni toba.

Veronika alifia kwao. Nilipanda kwa mara ya kwanza siku ya mazishi. Njia haikuwa mbaya kama nilivyokuwa nikisema. Kuna mahali imejengwa mawe.

Miaka ikaenda. Kompyuta zikaja, nikajifunza kuzizima na kuziwasha, ambayo ni nusu ya elimu yake. Mwezi wangu wa mwisho nilipewa kazi ya kuchambua vitabu vikuukuu na kuviweka mezani nje, mwenye kutaka achukue. Kitabu cha Uskoti nilikishika muda mrefu. Kilikuwa kimeliwa pembe moja tu. Gundi yangu ilikuwa imeshika vizuri. Nikakiweka mezani. Labda nilitumaini kitaishia kwa muuza karanga.

Alikichukua msichana wa chuo kikuu. Siku chache baadaye alikuja kaunta, akaniamkia vizuri, akajitambulisha kuwa ni Yustina, mtoto wa Skolastika wa sokoni. Alisema hadithi ile amekua nayo, mama yake alimsimulia tangu utotoni, na alipokiona kitabu hakuamini. Amemsomea mama yake chote. Ila kuna jambo.

"Babu, mwisho wa humu si ule aliousikia mama. Labda wewe uliwasomea kutoka chapa nyingine?"

Angalieni alivyonifungulia mlango, bila hila, kwa heshima zote. Nami nikapita.

"Huenda," nikasema. "Vitabu vya zamani vilikuwa na chapa nyingi."

Akashukuru. Wiki iliyofuata alirudi, safari hii hakukaa. Alikuwa ametafuta chuoni na kwenye simu, kwa majina ya watu wa humo na maneno ya sura ya mwisho.

"Hakuna chapa nyingine, Babu."

"Hakuna," nikasema.

Alisubiri kidogo, kama Mama Mhando alivyokuwa akisubiri na mhuri mkononi.  Akasema mama yake hana maneno mengi, ila siku hizi kila jioni, biashara ikipoa, wanasoma sokoni, na Jumamosi hii ni sura ya mwisho. Mama yake ameagiza nije.

Nilikwenda. Nilivaa shati la kazini, sijui kwa nini. Nyuma ya meza ya Skolastika walikuwa wamekaa juu ya makreti na magunia, na Bi Mwanahawa, mzee sasa kuliko mimi, alikuwa amewekewa kiti. Skolastika aliitikia salamu yangu, akanionyesha kreti la mwisho kabisa, nyuma ya wote. Mimi ni mkubwa kwake kwa umri, na hata hivyo hakuniamkia. Nikakaa.

Yustina alisoma akigeuza kwa Kiswahili, haraka kuliko nilivyoweza mimi, na bila kuruka. Ya chumbani aliyasema wazi, wanawake wakacheka mpaka wapita njia wakasimama. Kisha akafika darajani. Alisoma mwanamke anavuka. Alisoma mhunzi amesimama. Akafunga kitabu.

Bi Mwanahawa alisema, "Mimi nilisema tangu mwanzo," na ni kweli alisema. Maoni yakazunguka. Mmoja alimhurumia mhunzi. Mwingine akauliza mhunzi ana miguu au hana. Ilipofika zamu ya Skolastika, alikuwa akifunga mafungu ya mchicha, na hakuacha.

"Sisemi ningekataa kushuka," alisema. "Yustina, baba yako nilimpenda, huenda ningeshuka tu. Lakini ningeshuka nikijua yupo aliyerudi. Ningemwambia mjomba aniwekee hata tuta moja. Sikumwambia, kwa sababu niliambiwa hakuna anayerudi."

Hakutazama nilipokaa. Wengine walitazama.

"Na wewe, Babu?" Yustina akauliza. "Hapa hakuna kuondoka bila maoni."

Miaka yote ile nilikusanya maoni ya watu, na sikuwahi kutoa yangu juu ya kitabu chochote. Nilitaka kuomba radhi, lakini hawakuwa wameniomba hilo.

"Alifanya vyema kurudi kwao," nikasema. "Na yule mwanamume angeweza kumfuata. Daraja lilikuwa palepale. Lilikuwa la mawe, na halikuwa baya."

Nilisubiri. Skolastika alikata kamba kwa meno, akaweka fungu la mchicha juu ya mengine, akalinyunyizia maji.

"Haya," akasema, "anayefuata."